Nati za Gurudumu: Kwa Nini Zinagoma, na Tufanye Nini

Msimu wa masika uliopita pikapu yetu, yenye umri wa zaidi ya miaka 20, iliondoka asubuhi kwenda kijijini kwa huduma ya mkoba. Ndani yake alikuwamo muuguzi, mizani ya watoto na sanduku la baridi lenye chanjo. Nusu ya njia tairi la nyuma likapata pancha. Hiyo ni kazi ya dakika 20. Spea ilikuwapo na ilikuwa na upepo, jeki ilikuwapo, dereva ni mzoefu. Lakini nati mbili kati ya sita ziligoma kabisa. Spana iliteleza ikala kona za nati moja. Ikabidi mtu apande bodaboda kwenda kumtafuta fundi.

Gari lilifika kijijini saa 9 alasiri. Akina mama waliotembea na watoto mgongoni walikuwa wamekwisha kurudi makwao, na zamu iliyofuata ilikuwa baada ya mwezi mzima.

Tulipochunguza chanzo, hatukuona mtu wa nje wa kumlaumu. Nati hizo tulizikaza sisi wenyewe, kwa kusimama juu ya spana, tukiamini kwamba nati iliyokazwa sana ndiyo salama zaidi. Kwa kuwa parokia nyingi zina magari ya umri huo, tumeona vema kuwaeleza tulichojifunza.

Nati hushikaje gurudumu?

Wengi hudhani kwamba gurudumu hubebwa na bolti. Sivyo hasa. Nati inapokazwa huivuta bolti, nayo hurefuka kidogo sana, kama springi. Mvuto huo huibana rimu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba kazi.

Nati ikilegea, rimu hucheza, matundu yake hupanuka na bolti hukatika. Ikikazwa kupita kiasi, bolti huvutwa hadi hairudi tena katika hali yake, meno yake huharibika, na siku ya pancha nati haifunguki. Kwa hiyo nati inatakiwa kukazwa kwa kipimo chake.

Kipimo hicho huandikwa kwa nyutoni-mita, kwa kifupi Nm. Toyota Corolla, kwa mfano, hukazwa kwa Nm 103. Magari makubwa huhitaji zaidi, na kila gari lina kipimo chake katika kitabu cha mwongozo. Sasa tazameni hesabu hii. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 40, anakaza kwa karibu Nm 300. Kwa Corolla hiyo ni karibu mara tatu ya kinachohitajika. Mashine ya hewa ya fundi wa matairi nayo inaweza kufanya vivyo hivyo kwa sekunde chache, bila mtu kutoka jasho.

Sababu za nati kugoma

Mbali na kukazwa kupita kiasi, ziko sababu nyingine tatu. Ya kwanza ni kutu, hasa kwa gari linalopita kwenye matope na kukaa muda mrefu bila kufunguliwa magurudumu. Ya pili ni nati iliyoanzishwa vibaya, meno yakapandana. Ya tatu ni nati isiyo ya gari hilo: meno hayalingani, au umbo lake halikai sawa kwenye tundu la rimu.

Kufungua nati iliyogoma

1. Egesheni mahali pa tambarare, mvute breki ya mkono, mtie gia na mweke mawe kwenye magurudumu mengine. Nati zilegezwe tairi likiwa bado chini. Gari likiwa juu ya jeki, kulazimisha spana kunaweza kuliangusha.

2. Hakikisheni nati inafunguka upande gani. Kwa magari madogo na pikapu huzungushwa kinyume cha saa. Lakini malori na mabasi mengi ya zamani ya Kijapani yana bolti za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kufuata saa. Mara nyingi huwa na herufi L kwenye ncha ya bolti. Wapo waliokaza nati kwa nusu saa wakidhani wanafungua.

3. Safisheni meno ya bolti yanayoonekana kwa brashi ya waya, kisha tieni mafuta ya kulainisha kutu na msubiri angalau dakika 15. Gongeni nati kwa nyundo ndogo, si kwa nguvu, ili mafuta yapenye.

4. Tumieni soketi yenye pembe sita inayokaa barabara. Spana iliyolika ndiyo inayoharibu kona za nati.

5. Elekezeni mpini upande wa kushoto, kisha msukume chini kwa uzito wa mwili. Ikishindikana, ongezeni urefu kwa kipande cha bomba. Bomba ni la kufungulia tu, kamwe si la kukazia.

6. Msiwashe moto kwenye nati. Rimu yenye tairi lililojaa upepo ikipashwa moto, tairi linaweza kupasuka kwa nguvu ya kuua.

Huenda nati zote zikatoka lakini gurudumu likabaki limeganda kwenye habu. Rudishieni nati kwa mkono zikiwa zimelegea mizunguko miwili, mshushe gari na kulitikisa. Asiingie mtu chini ya gari.

Kufunga ipasavyo

Hapa ndipo tulipokuwa tunakosea zaidi. Kwanza, sugueni uso wa rimu na uso wa habu mpaka kutu na udongo vitoke, maana uchafu ukibanwa katikati, nati italegea baadaye. Futeni mafuta yote kwenye meno ya bolti. Meno yenye mafuta hupunguza msuguano, hivyo kwa nguvu ileile ya mkono bolti huvutwa zaidi ya kipimo.

Anzisheni kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa. Nati isiyokubali vidole isilazimishwe kwa spana. Itoeni mtazame meno. Kisha kazeni kwa kuruka upande wa pili kila mara, si kwa kufuatana, ili rimu ikae sawa. Shusheni gari na mmalizie kwa mpango huohuo kwa spana ya kipimo, ambayo mafundi huiita toki renchi.

Wasio na toki renchi wanaweza kutumia mzani wa kuning'iniza, kama ule wa sokoni. Kwa Corolla, funga mzani kwenye mpini sentimita 40 kutoka katikati ya nati, mpini ukielekea kushoto, kisha vuta kwenda juu mpaka usome kilo 26. Hiyo ni karibu Nm 102. Si sahihi kama chombo chenyewe, lakini ni bora kuliko kuruka juu ya spana.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kagueni tena. Rimu huwa imekaa, na nati inaweza kuwa imelegea kidogo.

Kwa kamati za parokia na wafadhili

Tunaomba kila kamati yenye gari itazame mambo matatu. Kwanza, soketi imara ya kipimo sahihi, mpini mrefu, brashi ya waya na toki renchi viwemo katika bajeti ya gari, sawa na mafuta na bima. Pili, fundi akifunga tairi kwa mashine, dereva azilegeze nati na kuzikaza upya kwa kipimo kabla ya kuondoka, kisha aandike kwenye daftari la gari. Tatu, kila magurudumu yanapofunguliwa kwa matengenezo, bolti zikaguliwe. Iliyovutika au kuharibika meno ibadilishwe.

Kwa wafadhili wetu, tunajua kwamba ni rahisi kuomba gari kuliko kuomba spana. Lakini siku ile gari lilikuwapo, chanjo zilikuwapo na muuguzi alikuwapo. Kilichokosekana ni soketi moja nzuri na mazoea mema ya kukaza. Sasa soketi hiyo imo chini ya kiti cha dereva, na toki renchi iko karibu nayo.