Mimba changa na mizani ya chumvi: usimeze dawa kwa kubahatisha

Mama anapochelewa siku zake, wengi husema, "Tusubiri kwanza." Huku wakisubiri, anameza vidonge vya dukani kutuliza kichefuchefu na uchovu. Kumbe muda huo ndio wa kuchunga zaidi, kwani moyo na viungo vingi vya mtoto huanza kuumbika kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba itungwe.

Kwa nini? Kila seli ya mimba huishi kwa mizani ya chumvi. Ndani mna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Nje ni kinyume chake. Chembe hizi zenye umeme huitwa ayoni, na seli hutumia nguvu nyingi kuzisukuma zibaki mahali pake. Hata yai likirutubishwa, ayoni za kalsiamu ndizo huliamsha lianze kukua.

Je, kemikali ikivuruga chumvi hizo? Mwaka 1892 Mjerumani Curt Herbst alitia chumvi ya lithiamu katika maji yenye mimba za yule mnyama wa baharini mwenye miiba, anayechoma miguu ya wavuvi. Utumbo ukaota kuelekea nje badala ya ndani. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walizuia pampu ya potasiamu katika mimba za vyura. Baadhi wakapata moyo na utumbo upande usio wake.

Chura si binadamu, na linalomdhuru yeye si lazima limdhuru mwanao. Lakini lithiamu hiyo hiyo ni dawa ya maradhi ya akili. Ikitumiwa miezi mitatu ya mwanzo, huongeza kidogo hatari ya kasoro ya moyo kwa mtoto, hasa dozi ikiwa kubwa.

Basi dada yangu, ukichelewa siku zako, pima mimba kabla ya kumeza dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba. Unayetumia dawa ya kifafa au ya akili, usiiache ghafla: maradhi yakirudi, wewe na mimba mko hatarini. Nenda kliniki ushauriwe, na bora zaidi kabla ya kushika mimba. Nawe baba, fuatana naye. Mimba ni amana yenu nyote wawili.