Saidia Fundi Naye Ashike Mashine

Maji yanayotoka bombani Handeni Mjini yamesafiri. Chanzo chake ni Mto Pangani, upande wa Korogwe, na mradi unaoyaleta ulijengwa miaka ya 1970. Wenyeji wanaujua kwa herufi tatu tu, HTM, yaani Handeni Trunk Main. Sasa huduma hiyo inapanuliwa katika mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mikataba yake ilisainiwa Juni 2022, na Handeni na Korogwe zimo. Mkandarasi atamaliza kazi na kuondoka, lakini bomba litabaki, na litahitaji mafundi wa hapa hapa kwa miongo kadhaa.

Mafundi hao wanaandaliwa wapi? Wengi wanaanzia mtaroni, wakiitwa saidia fundi. Kijana anachimba, anabeba, anafukia, na akiwa na bahati anaonyeshwa kazi. Ninaiheshimu njia hii kwa sababu imetuzalia mafundi hodari. Kasoro yake ni kwamba haina ratiba. Hakuna aliyepanga kijana atashika mashine lini, atapimwa na nani, wala atatoka na cheti gani. Wapo wanaobeba mabomba miaka mingi bila kuruhusiwa kuunganisha hata moja.

Nichukue mfano wa bomba la plastiki la HDPE, linalotumika sana siku hizi kwenye miradi ya maji. Ncha mbili zinafungwa kwenye mashine na kukwanguliwa hadi ziwe safi na zikutane sawasawa. Katikati inaingizwa sahani yenye joto la nyuzi 210 hadi 220 za Selsiasi. Plastiki ikishalainika, sahani inatolewa na ncha zinabanwa upesi, kabla hazijapoa wala kuingia vumbi. Ukingo unafura kuzunguka ungio, na fundi anausoma: je, umelingana pande zote? Kisha inakuja sehemu inayowashinda wengi, nayo ni kusubiri. Ungio liachwe lipoe lenyewe likiwa bado limebanwa. Anayelimwagia maji ili awahi linalofuata anaacha udhaifu usioonekana kwa macho, na utajitokeza baada ya mtaro kufukiwa. Maelezo haya yanaandikika kwenye ubao wa darasa, lakini subira ya mkono inapatikana kazini tu, pembeni ya mtu anayekuzuia.

Kuna upande mwingine ambao mtaro peke yake haufundishi vizuri. Kutoka bonde la Pangani kwenda Handeni maji yanapandishwa kwa pampu. Kila mita 10 za kimo ni takribani bar 1 ya presha. Tangi likiwa mita 150 juu ya pampu, bomba la kule chini linabeba bar 15 hata kabla ya kuhesabu msuguano. Bomba lililochapwa PN10 ubavuni, yaani la kuhimili bar 10, halifai pale, hata likiunganishwa kwa ustadi gani. Fundi ajue pia kwa nini valvu ya kutoa hewa inawekwa kileleni na ya kutolea tope inawekwa bondeni. Hapo hesabu na michoro ya chuoni ndiyo inayosaidia.

Ndiyo maana ninautetea uanagenzi wenye mkataba, ambamo kijana anagawa muda wake kati ya chuo na eneo la kazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina fani ya ufundi bomba na vyeti vya ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kwa aliyekwisha kuiva mtaani, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa anachokiweza, penye pengo anafundishwa, kisha anatunukiwa cheti. Waajiri wa miradi hii wangeandika nafasi za wanagenzi ndani ya mikataba yao tangu mwanzo, badala ya kuhesabu vibarua peke yao.

Vijana wa wilaya hizi wanaulizia pia bomba la mafuta ghafi la EACOP, la inchi 24 na urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwa kuwa linapita kwao. Niseme wazi: cheti cha ufundi bomba wa maji hakimfanyi mtu kuwa mchomeleaji wa bomba lile. Kule mchomeleaji hupimwa kwanza kwa kipande cha majaribio ndipo aruhusiwe kuingia kazini, na maungio yake hukaguliwa kwa vipimo vinavyoona hadi ndani ya chuma.

Hata hivyo, utaratibu huo wa kupimwa unaigika vizuri kwenye maji. Maungio yaachwe wazi bila kufukiwa, bomba lijazwe maji, hewa itolewe, kisha presha ipandishwe, kwa kawaida hadi mara 1.5 ya presha ya kazi. Kwenye HDPE sindano ya geji hushuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba linatanuka. Mgeni wa kazi huhangaika kutafuta uvujaji usiokuwepo. Mwanagenzi apewe geji hiyo aisome mwenyewe, kwenye maungio aliyoyachomelea yeye, na matokeo yaandikwe kwenye daftari lake la mafunzo, yawe mazuri au mabaya, chini yake fundi wake atie sahihi.