'CLOVE': NENO LENYE MSUMARI NDANI YAKE

Wanachama wengi huliona neno 'clove' juu ya magunia na katika karatasi za biashara, na wote twajua kuwa maana yake ni karafuu. Lakini tukiulizwa limetoka wapi, twanyamaza. Haya basi, tulifungue kidogo, kwa maana mna faida ndani yake.

Asili yake ni msumari. Warumi wa kale waliuita msumari 'clavus'. Wafaransa wakasema 'clou', na hata leo seremala wa Ufaransa hugongomea 'clou'. Karafuu wakaiita 'clou de girofle', yaani msumari wa karafuu. Waingereza walipolichukua jina hilo walilikata mkia: wakaacha karafuu, wakabaki na msumari! Mkia haukupotea, ukawa 'gillyflower', jina la maua ya bustani yanukiayo kama karafuu.

Shika karafuu moja kavu mkononi utaona sababu: kijiti, meno manne, na kichwa cha mviringo. Wala si Wafaransa peke yao walioona hivyo. Mwajemi husema 'mikhak', kisumari. Mholanzi 'kruidnagel', msumari wa kiungo. Mchina 'dingxiang', msumari wenye harufu nzuri. Sisi hatukupita njia hiyo. Neno letu twalipata kwa Waarabu, wasemao 'qaranful'.

Sasa faida yenyewe. Katika kanuni ya kimataifa ya ubora wa karafuu, ISO 2254, yamo maneno ambayo yafaa kila mkulima ayajue. 'Headless cloves' ni karafuu zisizo vichwa: msumari umebaki kijiti. 'Mother cloves' si mama wa mtu. Ni matunda ya mkarafuu, yaliyoachwa mtini mpaka yakaiva. Na 'khoker' ni karafuu zilizochacha kwa kutokauka sawasawa, zenye rangi iliyopauka, makunyanzi na ungaunga mweupe. Zikizidi katika gunia daraja hushuka, na daraja likishuka fedha hupungua. Asiyejua maneno haya atatia sahihi karatasi bila kufahamu amekatwa kwa lipi, wala hatakuwa na la kujibu. Twaona jambo hili si dogo, kwani khoker huzuilika: ni kazi ya jua, na ya kuanua majamvi mapema kabla mvua haijashuka. Makonyo nayo huandikwa 'clove stems', na bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo mwanachama atazame kwanza mstari anaolipwa ni upi.

Liko jambo linalowatatiza vijana wetu wa shule. Kitabu cha mapishi cha Kiingereza kikitaka 'two cloves of garlic', hakitaki karafuu mbili, bali punje mbili za kitunguu thomu. Hilo ni neno jingine, la Kiingereza cha kale, jamaa ya 'cleave', kupasua. Yamefanana kwa bahati tu. Mpishi wa pilau na aangalie sana hapo, maana sufuria yake hutaka yote mawili.

Katika kulitamka, 'e' ya mwisho haisomwi. Na mwenye kumwandikia mnunuzi asiongeze 'r' kwa haraka: 'clover' ni majani wanayolishwa ng'ombe huko Ulaya.