Kuitambua Ioni kwa Hesabu ya Chembe Zake

Chumvi tutiayo katika mboga hutoka baharini, au katika chemchemi kama zile za Uvinza. Ndani yake mna sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni madini laini yakatikayo kwa kisu, nayo ikitiwa majini hufoka na pengine kuwaka moto. Klorini ni gesi ya sumu. Mwaka 1915 ilitumiwa vitani huko Ypres, katika Ubelgiji, ikaua askari wengi. Basi, imekuwaje tule vitu hivi viwili kila siku, wala tusiungue wala tusife? Sababu ni kwamba ndani ya chumvi vimo katika hali ya ioni.

Kila atomu ina kiini. Ndani ya kiini mna protoni, zenye umeme chanya, na nyutroni, zisizo na umeme. Nje yake mna elektroni, zenye umeme hasi. Katika atomu kamili protoni na elektroni ni sawasawa kwa hesabu. Atomu ikipoteza elektroni au ikiongezewa, huitwa ioni.

Tuseme tumepewa chembe hizi: protoni 11, nyutroni 12, elektroni 10. Mwenye haraka atakumbuka kwamba atomu ya neoni ina elektroni 10, naye atasema, “Hii ni neoni.” Sivyo. Elektroni huja na kuondoka kama wageni. Protoni ndizo wenye nyumba, na jina la nyumba hufuata wenyewe. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley, kwa kupima miali ya eksirei, alionyesha kwamba namba ya kila elementi hutokana na umeme chanya wa kiini chake.

Basi na tufuate njia hii. Kwanza, twahesabu protoni: 11 ni sodiamu. Pili, katika protoni twatoa elektroni: 11 toa 10, yabaki 1, ioni ina umeme chanya mmoja. Tatu, twajumlisha protoni na nyutroni, twapata 23, ndiyo namba ya uzito wake.

Vivyo hivyo, protoni 17, nyutroni 18 na elektroni 18 ni klorini ya uzito 35, yenye umeme hasi mmoja. Chanya na hasi huvutana, ikawa chumvi. Kumbe elektroni moja tu yatenga sumu na kitoweo!

Sasa jaribuni wenyewe: protoni 20, nyutroni 20, elektroni 18. Ioni hii imo katika maziwa na katika mifupa yetu.