Baada ya Kipaimara, Vijana Wetu Huenda Wapi?

Mama mwenzangu, bila shaka unaikumbuka Jumapili ile ya kipaimara. Wasichana wamevaa magauni meupe, wavulana wamefunga tai, kanisa limejaa hadi nje, na nyumbani pilau inangoja wageni. Je, mwezi mmoja baadaye uliwaona wangapi ibadani?

Mimi niliwahesabu kwa uchungu, maana wangu hakuwamo. Mwanangu wa pili alihudhuria mafundisho miaka miwili, akazijua Amri Kumi na maelezo yake kwa moyo. Alipokwisha kubarikiwa, haikupita miezi minne akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili asubuhi. Nilimgombeza. Baba yake akamtisha. Mwisho nilimkalisha jikoni nikamwuliza kwa upole, naye akanijibu, "Mama, nikikosa kule kanisani, nani anajua?"

Nilikosa la kusema. Shule ya Jumapili alishaipita. Daftari la mwalimu wa kipaimara lilikuwa limefungwa. Kwaya ya vijana walimwambia bado mdogo. Hakuna mzee wa kanisa aliyebisha hodi kwetu kumwulizia. Lakini michango ya kuezeka paa ilipopungua, bahasha ilitufikia siku ile ile!

Wengine husema malezi ya imani ni kazi ya nyumbani. Ni kweli, na sisi Walutheri tusisahau kwamba Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika za Saxony na kuhuzunishwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui hata misingi ya imani, juu ya kila sehemu aliandika kuwa mwenye nyumba awafundishe hivyo watu wa nyumbani mwake. Kumbe kitabu tunachomwachia mwalimu wa kipaimara kilitungwa kwa ajili ya meza zetu.

Hata hivyo, mtazame Timotheo. Tunapenda kumtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), hasa sisi akina mama. Soma pia Matendo 16:2. Paulo alipofika, ndugu wa Listra na Ikonio ndio waliomshuhudia kijana huyo vizuri. Walimjua. Mtu hawezi kumshuhudia kijana ambaye hajui hata jina lake.

Jambo hili nililipeleka kwenye kikundi chetu cha wanawake, nikitetemeka kidogo. Tulikubaliana kila mama achukue vijana wawili wasio wa nyumbani kwake, awaombee kwa majina, awaulize habari za mitihani, na wakienda shule ya bweni awaandikie. Wazee waliombwa wawape vijana kazi: kusoma masomo ya siku, kupokea wageni, kufunga vipaza sauti. Mzee mmoja alipinga, akisema wataharibu vyombo. Na kweli, Jumapili ya pili kipaza sauti kilianguka kikavunjika. Tulichanga, tukanunua kingine, na kijana aliyekivunja hakuondolewa kazini. Nadhani siku hiyo vijana walijifunza juu ya neema kuliko katika mahubiri mengi.

Si wote waliorudi. Wengine wamehamia mijini, wengine wanasali kwingine, na wako wasiosali kabisa.

Mwanangu sasa ndiye anayefunga nyaya kabla ya ibada ya kwanza. Mama aliyepewa kumwombea anauza samaki sokoni. Siku moja aliniambia kuwa kijana wangu anaogopa sana kufeli hesabu. Mimi mama yake nilikuwa sijui. Niliona wivu kidogo, kisha nikamshukuru Mungu.

Nami nina wawili wangu. Binti anakuja na tunacheka vizuri. Yule wa kiume sijamwona kanisani tangu Pasaka. Jumamosi jioni nitakwenda kwao.