Usingoje wageni ndipo uandae meza ya kupendeza

KATIKA sebule za nyumba nyingi nchini Kenya husimama kabati la vioo lililosheheni sahani za kauri, bilauri na birika ambazo aila yenyewe haizigusi. Hivyo ni vyombo vya wageni. Watoto wa nyumba hiyo hulia ugali katika sahani za plastiki zilizochubuka, mmoja akiwa kochini mbele ya runinga, mwingine mlangoni, naye baba hufunikiwa chakula chake hadi atakaporejea usiku. Meza ya kulia, ikiwa ipo, imelemewa na magazeti ya kale, stakabadhi, nyaya za simu zilizokwisha kuharibika na mikebe mitupu.

Mrundiko huo na mlo usiokutanisha watu ni mambo yaliyo na uhusiano wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Meza ikishageuzwa ghala, watu hutawanyika, na chakula huliwa kwa ajili ya kuondoa njaa tu. Isitoshe, mtoto anayetazama kabati lile kila siku hujifunza mapema kwamba kilicho kizuri ni cha watu wa nje.

Hatua ya kwanza basi ni kuikomboa meza. Saa moja ya Jumamosi yatosha. Kila kilicho juu yake na chini yake kitolewe, kisha kigawanywe mafungu matatu: vya kutumika tena, vya kuuzwa na vya kutupwa. Vyuma vikuukuu hununuliwa na wachuuzi wanaozunguka mitaani. Fungu la kutupwa nalo lafaa kuwa dogo iwezekanavyo. Jaa la Dandora jijini Nairobi, lililoanza kutumika mwaka 1975, lilitangazwa kuwa limejaa mnamo 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga taka humo miaka mingi baadaye. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zinazooza zitenganishwe na zile kavu tangu nyumbani.

Wapo wanaodhani kwamba kutumia tena vitu vilivyokwisha kazi ni mtindo wa kigeni, au ni dalili ya umaskini. La hasha. Gorogoro inayopimia mahindi na maharagwe sokoni ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Koroboi ilitokana na kopo, akala zikatokana na magurudumu ya magari, na huko pwani upawa wa kutekea mchuzi ulitengenezwa kwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti.

Chupa za mdomo mpana zilizokuwa na jemu au siagi ya njugu ndizo zenye manufaa zaidi mezani. Chupa hulowekwa katika maji ya uvuguvugu hadi karatasi ibanduke, na gundi inayosalia husuguliwa kwa mafuta kidogo ya kupikia. Kisha huwekwa ndani ya sufuria yenye kitambaa chini na maji baridi, ikachemshwa polepole kwa dakika kumi hivi. Ikitumbukizwa ghafla katika maji yanayotokota, hupasuka. Chupa hiyo sasa yaweza kubeba kachumbari, maji ya ndimu au hata maua yaliyochumwa uani.

Leso kuukuu nayo isiharakishwe kuwa tambara la kupigia deki. Huuzwa kwa jozi, na aghalabu kipande kimoja huchakaa kabla ya mwenzake. Kile kilichobaki hutandikwa mezani, jina lake likielekea wanaokula. Mtoto atauliza maana ya maneno yale, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza bila kushurutishwa. Kilichochakaa hukatwa vipande na kushonwa pindo, vikawa vitambaa vya kupangusia mikono.

Hata hivyo, si kila chombo kinafaa kukaribia chakula. Mikebe ya rangi na vyombo vya dawa za wadudu visitumiwe kamwe kuwekea maji au nafaka, hata vikioshwa mara kumi. Chupa za plastiki za soda na maji hazikutengenezwa kutiliwa chai au uji wa moto. Sahani za plastiki zilizojaa mikwaruzo ni vigumu kusafika, na hizo ndizo zilizostahili kutolewa kwanza, si zile za kabatini.

Kuhusu maakuli yenyewe, hapahitajiki nyama wala gharama. Ugali ukitiwa katika bakuli lililoloweshwa maji kisha ukapinduliwa juu ya sinia, hutoka na umbo la kupendeza. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kwa muda mfupi hubakia na rangi yake ya kijani. Githeri ya jana ikitiwa tui la nazi na kitunguu hukaribia pure ya watu wa pwani, na hakuna atakayenung'unika kwamba amelishwa kiporo. Chapati zilizobaki hukatwa vipande vyembamba, zikakaangwa kwa nyanya na pilipili hoho.

Kwa wanaoishi katika chumba kimoja kisicho na nafasi ya meza, mkeka na sinia moja vyatosha kabisa. Pengine hata ni bora, kwani sinia huwalazimu watu kusogeleana. Runinga izimwe. Siku ichaguliwe katikati ya juma, mathalani Jumatano, maadamu Jumapili huwa na shamrashamra zake.

Dhania ya kupamba mlo huo yaweza kukuzwa dirishani ndani ya mkebe uliotobolewa chini na kupondwa kingo zake kali. Mbegu hupasuliwa kwa kubingirishiwa chupa, zikalowekwa usiku kucha na kufukiwa kwa udongo mwembamba. Baada ya takriban wiki sita huwa tayari kuchumwa.

Na watoto wafundishwe kuosha vyombo vya kabatini. Sahani moja ikivunjika, na bila shaka itavunjika, vigae vyake viwekwe chini ya mkebe wa dhania kabla ya kutia udongo, ili maji yapate njia ya kutokea.