Matembezi Castlebay, Bandari ya Kisiwa cha Barra

Huenda siku moja masomo au kazi itampeleka mmoja wenu katika nchi ya Uskoti. Watu wa huko watamwonyesha miji yao mikubwa, nao wana haki ya kujivuna nayo. Lakini sisi twamshauri aweke akiba ya siku nne au tano, aende magharibi mpaka nchi kavu iishe, avuke bahari, afike Castlebay, bandari ya kisiwa cha Barra. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Barabara ikizungukayo yapata kilometri 20 na kidogo, na watu wake, pamoja na wale wa kisiwa jirani cha Vatersay, hawazidi sana 1,200. Wengi wao ni Wakatoliki, na lugha ya wazee wao ni Kigaeli, si Kiingereza.

Meli hutoka mji wa Oban, nayo husafiri karibu saa tano. Mwanzoni maji ni matulivu, kwa kuwa milima ya kisiwa cha Mull huyakinga. Baadaye meli huingia katika bahari wazi, na mgeni asiyezoea mawimbi hujuta kwa nini alikula. Avumilie tu. Mwishoni ataona ghuba pana, na katikati ya maji ngome ya mawe iliyosimama juu ya mwamba, pasipo hata kipande cha bustani. Hiyo ndiyo ngome ya Kisimul, iliyokipa kijiji jina lake, maana Castlebay ni kusema ghuba ya ngome. Ng'ambo, juu ya nyumba za bandari, lipo kanisa la mawe lenye mnara na saa. Na nyuma ya kanisa mlima Heaval, wenye urefu wa mita 383.

Aanze na kanisa. Lilifunguliwa mwaka 1888, likawekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria, Nyota ya Bahari. Katika miaka ile ghuba ilijaa mashua za wavuvi wa samaki waitwao heringi. Mamia ya mashua yalikuja kwa majira, na wanawake walisimama kutwa kando ya maji wakipasua samaki, wakiwatia chumvi na kuwapanga katika mapipa yaliyouzwa mpaka Ujerumani na Urusi. Kati ya watu kama hao jina la Nyota ya Bahari halikuwa pambo la sala. Mama aliyelitaja usiku alikuwa na mume au mwana majini.

Lakini imani yao ni ya zamani kuliko kanisa hilo. Mwaka 1560 bunge la Uskoti lilikataza Misa, na kwa muda mrefu visiwa hivi vilikaa karibu bila padri. Kwanza walikuja Wafransisko kutoka Ayalandi. Kisha, katika miaka ya 1650, Mtakatifu Vincent de Paul akamtuma huko padri wa shirika lake, Dermot Duggan, naye Mwairlandi aliyejua lugha ya watu. Padri huyo alimwandikia mkubwa wake kwamba katika Barra ilitosha kumfundisha mtoto mmoja wa kijiji Baba Yetu, na baada ya siku mbili kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakiijua. Sisi walimu tunaisoma habari hiyo kwa wivu kidogo. Padri Duggan alifariki mwaka 1657 huko huko visiwani.

Baada ya kanisa, mlima. Njia nyepesi huanzia barabarani upande wa mashariki, mahali ilipokwisha kupanda kiasi, lakini hata hivyo mteremko ni mkali na majani yana maji, basi mtu avae viatu vizuri. Kabla ya kufika kileleni atakuta sanamu nyeupe ya marumaru, Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, iliyosimamishwa mwaka 1954, Mwaka wa Maria. Watu wa bandari huiona juu yao siku ambazo mawingu hayajashuka. Mgeni akae hapo apumzike, aangalie kusini. Ng'ambo ya ghuba ni Vatersay. Nyuma yake Sandray, Pabbay, Mingulay na Berneray, kimoja baada ya kingine mpaka bahari tupu. Kati ya hivyo vyote, siku hizi Vatersay peke yake ndicho chenye watu. Watu wa Mingulay walikihama kisiwa chao mwaka 1912, maana hakikuwa na mahali pazuri pa kushukia mashua, na wakati wa dhoruba hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Leo ni makao ya ndege wa bahari, na siku za kiangazi mashua za Castlebay huwapeleka wageni kuwatazama.

Sasa ngome. Ilikuwa makao ya wakuu wa ukoo wa MacNeil. Husimuliwa kwamba kila jioni mpiga mbiu alipanda mnarani akatangaza kwa pande zote za dunia kuwa MacNeil amekwisha kula, basi na wafalme wengine sasa wanaweza kula. Wenyeji huisimulia wakicheka, na mgeni naye anaweza kucheka. Mambo yaliyofuata hayachekeshi. Mwaka 1838 madeni yalimlazimisha mkuu wa ukoo kuuza kisiwa, nacho kikaangukia mikononi mwa tajiri mmoja wa bara, Kanali John Gordon wa Cluny. Miaka ya njaa ilipofika, viazi vilipooza mashambani, tajiri huyo aliona kondoo wana faida kuliko watu. Mwaka 1851 watu wengi wa Barra na wa kisiwa jirani cha South Uist walitiwa katika merikebu wakapelekwa Kanada, wengine wakikamatwa kwa nguvu, nao wakafika kule bila mali wala nguo za baridi.

Ngome yenyewe ilikaa gofu mpaka mwaka 1937, aliponunua sehemu kubwa ya kisiwa mzao mmoja wa ukoo ule, Robert Lister Macneil, fundi wa kuchora majumba kutoka Marekani. Aliijenga upya kwa miaka mingi, akaimaliza mwaka 1970. Mwanawe akaipangisha serikali mwaka 2000 kwa muda wa miaka 1,000, kwa kodi ya pauni moja na chupa moja ya wiski kila mwaka. Baadaye alitoa pia mashamba yake ya kisiwani kwa serikali, pasipo kudai malipo. Mashua ndogo huivuka ghuba kwa dakika chache, lakini ngome hufungwa mara kwa mara kwa kazi ya kutengeneza kuta. Mgeni aulize bandarini kabla ya kutegemea.

Siku ya pili aende Vatersay kwa miguu au kwa baiskeli. Habari za kisiwa hiki ndizo tungependa asizikose hata akikosa nyingine zote. Mwanzoni mwa karne iliyopita Vatersay kilikuwa shamba la mtu mmoja tu, na wavuvi wa Barra na Mingulay hawakuwa na udongo wa kupanda viazi. Waliomba, hawakujibiwa. Basi wakavuka, wakapanda viazi, wakajenga vibanda. Mwaka 1908 kumi kati yao walihukumiwa huko Edinburgh, wakatiwa gerezani. Uchungu wa watu wa Uskoti ukawa mwingi hata wakaachiliwa kabla ya siku zao kutimia, na mwaka 1909 serikali ikakinunua kisiwa na kuwagawia watu mashamba. Wazao wao wangali wakiishi humo.

Katika pwani ya magharibi ya kisiwa hicho, penye mchanga mweupe, lipo jiwe la ukumbusho. Mwezi wa Septemba 1853 merikebu Annie Jane, iliyotoka Liverpool ikiwapeleka wahamiaji Kanada, ilivunjika hapo usiku. Watu wapatao 350 walikufa, na wengi wao wamezikwa katika mchanga huo huo bila majina. Mgeni akipita hapo avue kofia.

Zamani kwenda Vatersay kulihitaji mashua, na ng'ombe waliopelekwa sokoni waliogeleshwa katika mlango wa bahari. Mwaka 1986 fahali mmoja aliyeitwa Bernie, mnyama wa thamani kubwa, alizama akivuka. Watu walikuwa wameomba njia kwa miaka. Sasa magazeti ya nchi nzima yakaandika habari za fahali, na mwaka 1991 barabara ya mawe ikamalizika kujengwa kati ya visiwa viwili. Watu wa Vatersay husema kwa mzaha kwamba fahali alisikilizwa kuliko wao.

Upande wa kaskazini yako mabaki ya Cille Bharra, kanisa la kale la Mtakatifu Barr, ambaye jina la kisiwa husemwa limetoka kwake. Hapo liliokotwa jiwe lenye msalaba upande mmoja na, upande wa pili, maandishi ya Waskandinavia waliotawala visiwa hivi zamani. Jiwe lenyewe limo katika jumba la makumbusho Edinburgh. Mfano wake umewekwa hapo Barra. Katika makaburi yake amezikwa Compton Mackenzie, mwandishi wa vitabu, aliyefariki mwaka 1972. Siku ya mazishi rafiki yake mzee, Calum Johnston, alilipigia jeneza zumari ya mfuko wa ngozi, na mazishi yakiisha naye akaanguka akafa.

Mackenzie ndiye aliyeandika Whisky Galore mwaka 1947, hadithi iliyotengenezwa filamu papo hapo Barra. Chanzo chake ni kweli: mwezi wa Februari 1941 meli Politician ilipanda miamba karibu na kisiwa cha Eriskay, nayo ilibeba chupa za wiski zipatazo 260,000. Wenyeji walizitoa nyingi usiku, wakazificha katika mchanga na mazizi. Serikali haikucheka, wengine walifungwa. Hatuusifu wizi, ila twakubali kwamba hadithi yenyewe ni tamu. Mgeni akivuka kwa feri mpaka Eriskay, mwendo wa dakika 40, aone pia kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa mwaka 1903 na Padri Allan MacDonald. Wavuvi walitoa kwa ujenzi mapato ya samaki wa usiku mmoja, na leo altare yake imeshikwa na omo ya mashua.

Tena mgeni ajifunze angalau kusalimu kwa Kigaeli. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, zaidi ya nusu ya wakaaji wa Visiwa vya Magharibi walikisema. Katika ile ya mwaka 2022 walikuwa asilimia 45 tu. Vijana huenda mijini kutafuta kazi, na nyumba nzuri hununuliwa na watu wa mbali wanaozilala majuma machache kwa mwaka. Wageni huleta fedha ambazo kisiwa chazihitaji sana, lakini bei za nyumba hupanda pamoja nao. Mzee wa kijiji akiwa na wajukuu wake hubadili lugha mara tu mgeni aingiapo, kwa adabu. Mgeni mwenye adabu naye atawaomba waendelee.

Siku ya kuondoka, kama fedha zatosha, arudi kwa ndege mpaka Glasgow. Msomaji aliyekulia kando ya ziwa aelewe kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Huko Barra hakuna uwanja wa sakafu: ndege ndogo yenye viti 19 hutua juu ya mchanga wa Tràigh Mhòr maji yakiwa yamekupwa, na maji yakijaa uwanja wote huwa bahari. Kwa sababu hiyo ratiba hufuata maji. Watu hufukua kombe wadogo katika mchanga huo huo, lakini mfuko wa upepo ukipandishwa mlingotini, kila mtu lazima aondoke pwani, maana ndege i karibu. Mgeni afike mapema. Katika jumba dogo la abiria huuzwa chai na supu, na dirishani aweza kuona maji yakirudi nyuma.